Uzi: Daktari anayepasua titi mara moja moja na yule wa kila wiki, tofauti ya matokeo inatoka wapi hasa?

#1 MpasuajiMwambao

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za kwenu.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya swali linalorudi kila mara. Mama ana uvimbe kwenye titi. Hospitali ya karibu ina daktari wa upasuaji aliye tayari kumfanyia wiki hii, ya rufaa iko mbali na ina foleni. Je, kuna tofauti yoyote nani ameshika kisu?

Ipo, na imepimwa. Magharibi ya Scotland walifuatiliwa wanawake 3,786 waliotibiwa kati ya 1980 na 1988, matokeo yakachapishwa 1996. Kwa waliopasuliwa na madaktari waliojikita kwenye matiti, kiwango cha waliokuwa hai baada ya miaka 5 kilikuwa juu kwa asilimia 9, na baada ya miaka 10 kwa asilimia 8. Hapo umri, ukubwa wa uvimbe, hali ya tezi za kwapa na hali ya maisha vilikuwa vimeshazingatiwa. Jimbo la New York nao, mwaka 1998, walilinganisha hospitali kwa wingi wa wagonjwa wa matiti. Zilizopasua 10 au pungufu kwa mwaka, hatari ya mgonjwa kufariki ndani ya miaka 5 ilizidi kwa asilimia 60 ukilinganisha na zilizovuka 150. Zenye 11 hadi 50 ilizidi kwa 30, na zenye 51 hadi 150 kwa 19. Ni kama ngazi, unashuka hatua kwa hatua.

Ulaya wanaoweka vigezo vya vituo vya matiti, EUSOMA, wanataka kituo kipokee wagonjwa wapya wasiopungua 150 kwa mwaka, na kila mpasuaji afanye yeye mwenyewe operesheni zisizopungua 50.

Ila wengi wanapotea hapa. Kuondoa titi si kama kupasua kongosho au umio, ambako mgonjwa anaweza kufia mikononi mwa asiyezoea. Titi liko nje ya kifua, na wanaofariki ndani ya siku 30 ni chini ya 1 katika 100. Mgonjwa anaruhusiwa, mshono unakauka, ndugu wanashukuru. Pengo linajitokeza mwaka wa tatu, wa tano. Kwa hiyo ukimpima daktari kwa kuangalia kidonda kilivyopona, bado hujampima.

#2 Takwimu_Afya

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze tahadhari, halafu niunge mkono.

Takwimu za aina hii zina mtego. Hospitali kubwa za mijini huvuta wenye uwezo, waliosoma, waliowahi kufika. Hata ukirekebisha kwa hesabu, kuna vitu havikuandikwa kwenye faili. Ndiyo maana mimi naupa uzito zaidi ushahidi wa Glasgow, uliochapishwa 2012. Mwaka 1995 eneo moja lilianza utaratibu wa jopo: mpasuaji, mwanapatholojia (anayekagua nyama maabara), daktari wa picha, daktari wa dawa za saratani na mionzi, na muuguzi wa matiti wanakaa pamoja kila wiki na kujadili kila mgonjwa. Maeneo jirani hayakuanza. Kabla ya 1995 vifo vya saratani ya matiti eneo hilo vilikuwa *juu* ya majirani kwa asilimia 11. Baada ya jopo vikawa *chini* yao kwa asilimia 18. Watu ni walewale wa Scotland, mfumo wa afya ni uleule, kilichobadilika ni jinsi ya kufanya kazi.

Na Yorkshire, 1995, walipochunguza kwa nini wapasuaji wenye wagonjwa wapya zaidi ya 30 kwa mwaka walikuwa na matokeo bora, sehemu kubwa ya jibu ilikuwa kwamba wagonjwa wao walipata zaidi dawa za saratani na tiba ya homoni. Mkono ulihesabika, lakini kilichohesabika zaidi ni mlango ambao mgonjwa alipelekwa baada ya upasuaji.

#3 Mwanaisha_T

Ahsanteni. Sasa tushusheni chini kwa mtu wa kawaida. Mgonjwa kapangiwa upasuaji Jumatatu. Aulize nini ili ajue yuko mikono salama, bila kumvunjia daktari heshima?

#4 MpasuajiMwambao

Dada Mwanaisha, swali la kwanza ni dogo na halimuudhi mtu: "Daktari, majibu ya baiopsi yanasemaje?" Yaani kipande kidogo cha uvimbe kilichopimwa maabara. Kama jibu ni kwamba uvimbe utatolewa kwanza ndipo upelekwe maabara, simamisha hapo kwa adabu. Hili ndilo kosa ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote mahali penye wagonjwa wachache wa matiti, na linafanywa na watu wenye nia njema kabisa.

Njia sahihi ni baiopsi ya sindano nene, kwa kawaida geji 14, chini ya ganzi ya sehemu, ikiongozwa na ultrasaundi ikiwepo. Vipande 3 hadi 5 vinatosha mara nyingi. Ni dakika 20, mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Sindano nyembamba ya kunyonya inaweza kusema kuna seli za saratani, lakini haitofautishi saratani iliyopenya na ile iliyobaki ndani ya mirija ya maziwa, na vipimo vya vipokezi vya homoni (vinavyoonyesha kama saratani inalishwa na homoni) juu yake haviaminiki sana.

Uvimbe ukichomolewa bila kujua ni nini, mambo matatu huharibika kwa mpigo. Mkato unakuwa umewekwa pasipofaa, sasa kovu lote lazima liondolewe kwenye operesheni ya pili. Kingo hazijulikani, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema saratani imeisha au imebaki. Na kama ulikuwa uvimbe mkubwa uliostahili kuanza na dawa ili usinyae, nafasi ya kuona kama dawa inafanya kazi imepotea.

Hilo la tatu ndilo zito kwetu, maana wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanafika hatua ya III au IV, yaani zile mbili za mwisho. Titi lenye ngozi nyekundu, iliyovimba na kuwa kama ganda la chungwa, au uvimbe uliogota kwenye ukuta wa kifua, halianzi na kisu. Linaanza na dawa, kisha kisu, kisha mionzi. Anayelikata kwanza hujikuta akivuta ngozi kwa nguvu ili ifunge, mshono unaachia, na saratani inachomoza kwenye kovu kabla ya chupa ya kwanza ya dawa.

Swali la pili: "Kesi yangu imejadiliwa na nani mwingine?" Swali la tatu, "kwa mwaka mnafanya ngapi hapa?", ni halali kabisa. Daktari anayefanya nyingi hulijibu bila kusita.

#5 Bloku_na_Slaidi

Niingie hapa upande wa maabara, kwa sababu wingi wa kesi unaonekana hata kwenye ndoo.

Titi likitoka tieta, saa inaanza kuhesabu. Linatakiwa liwe ndani ya formalini (dawa ya maji ya kuhifadhi nyama isioze) asilimia 10 yenye bafa ndani ya saa 1, na likae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72. Formalini iwe mara 10 ya ujazo wa nyama. Piga hesabu: titi la gramu 800 linataka takriban lita 8. Nani ana ndoo ya lita 8 tayari? Hospitali iliyozoea inayo. Isiyozoea utaona titi zima limesukumizwa kwenye chombo chenye mdomo mwembamba, formalini imefika nusu, upande wa juu umekauka. Nyama iliingia laini, ndani ya formalini imekakamaa, kuitoa ni mpaka ukate chombo.

Na hata ndoo ikijaa, formalini inapenya polepole, takriban milimita 1 kwa saa. Uvimbe ulio sentimita 4 ndani ya mafuta hautafikiwa usiku huo wala kesho yake. Unaoza katikati huku nje pamekaa vizuri. Mwanapatholojia akikata anakuta kiini cha kijivu kinachomong'onyoka. Vipokezi vya estrojeni vinapotea, kipimo kinatoka hasi kumbe mgonjwa alikuwa chanya. Mama huyo hatapewa tamoksifeni, dawa ya kuzuia estrojeni. Hakuna atakayejua. Kidonda chake kitapona vizuri tu.

Dawa yake si ngumu. Titi lipakwe wino kwenye kingo kwanza, kisha lipasuliwe kutokea upande wa nyuma, ule uliokuwa umelalia msuli, kwa mikato sambamba kila sentimita 1 hivi, ngozi ya mbele ibaki imeshika ili mpangilio usipotee. Kati ya vipande weka karatasi ya kunyonya iliyolowa formalini. Kama hakuna aliyefundishwa kulikata, lipelekwe maabara haraka kabla ya kukatwa. Msiliweke kwenye maji ya chumvi "kwa muda". Huo muda huwa unafika Jumatatu.

Alama za mwelekeo: uzi mfupi juu, uzi mrefu upande wa nje. Na fomu iandike titi gani, saa lilipotoka mwilini, saa lilipoingia formalini. Nikipokea fomu yenye saa mbili hizo zimejazwa, najua nashughulika na watu wanaofanya kazi hii kila wiki.

Baiopsi ya sindano aliyoitaja mkuu #4 inaokoa sana hapa. Kipande chembamba formalini inakimaliza haraka, kwa hiyo vipokezi vipimwe juu ya baiopsi hata kama titi lenyewe litakuja kuharibika.

#6 MpasuajiMwambao

Bloku, Mungu akubariki kwa hilo la ndoo. Niende kwenye kwapa, maana pale ndipo mkono wenyewe unapojulikana.

Kusafisha kwapa maana yake ni kutoa mafuta na tezi za ngazi ya I na II: zilizo nje ya msuli mdogo wa kifua na zilizo nyuma yake. Ripoti ikionyesha tezi 10 au zaidi, kazi inahesabiwa imetosha. Ripoti ya tezi 3 baada ya "kusafisha kwapa" inauliza maswali mawili: mpasuaji alichota mafuta ya chini tu akaogopa kupanda kwenye mshipa? Au aliyekagua nyama hakuyapekua mafuta kwa vidole, kipande kwa kipande? Huwezi kujua bila kuuliza wote wawili. (Aliyetangulizwa dawa za saratani tezi husinyaa na idadi inaweza kushuka, msimlaumu mtu haraka.)

Ramani ni hii. Juu kuna mshipa mkubwa wa vena ya kwapa. Unausafisha chini yake tu. Ukipanda juu yake na kuuvua mafuta yote, unaukaribisha mkono kuvimba. Ndani, ukiambaa na ukuta wa mbavu, inashuka neva ndefu ya kifua. Wasiozoea huivuta pamoja na mafuta na kuikata. Mgonjwa akisukuma ukuta kwa mikono miwili, bapa la bega linachomoza nyuma kama bawa. Neva ya pili inashuka na mishipa ya damu kwenda kwenye msuli mpana wa mgongo. Ya tatu inakatiza katikati ya mafuta kwenda ngozi ya ndani ya mkono; ikikatwa, mkono unakufa ganzi upande wa ndani. Hii ya tatu wakati mwingine haiepukiki, zile mbili hazina udhuru.

Kisha kuna kupima tezi mlinzi, yaani tezi ya kwanza ya kwapa inayopokea maji kutoka titini, kwa wale ambao kwapa halina tezi zinazoshikika. Faida yake ni kubwa: mkono huvimba kwa takriban 1 katika 5 waliosafishwa kwapa lote, lakini kwa waliotolewa tezi mlinzi tu ni kama 1 katika 18. Penye teknishiamu (dawa yenye mionzi) na kamera ya mionzi hutumika pamoja na rangi ya bluu. Penye uhaba, bluu ya methilini peke yake inafanya kazi mikononi mwa aliyejifunza: imezimuliwa, inadungwa chini ya chuchu, ndani ya nyama na si ndani ya ngozi, kwa sababu ngozi inaweza kufa. Unakanda titi dakika 5, unafungua kwapa, unafuata mstari wa bluu hadi tezi. Na tezi yoyote ngumu inayogusika inatolewa hata kama haina rangi.

Wapasuaji wa matiti wa Marekani walipoanza, walipendekeza mtu afanye angalau 20 huku akisafisha kwapa lote kila mara au akisimamiwa, ili ajue ni mara ngapi anaikosa. Mwenye wagonjwa 15 kwa mwaka, na nusu tu ndio wanafaa, anahitaji karibu miaka 3 kumaliza mafunzo. Hapo ndipo namba ya 50 ya EUSOMA inapata maana.

#7 Dk_wa_Mkoani

Nimesoma yote kwa makini na nina neno. Niko hospitali ya mkoa. Mnaposema 150 na 50, mnajua nchi hii ina mikoa ambayo haitafika hapo? Mgonjwa wa Kigoma au Songea nikimwambia "nenda rufaa" bila kitu mkononi, nusu ya safari anaishia kwa mganga au anarudi nyumbani. Mtu asiyetibiwa kabisa hafaidiki na ubingwa wa yeyote.

#8 Takwimu_Afya

Daktari, hoja yako ni ya kweli na haipingwi na takwimu hizi. Hakuna utafiti wa New York uliolinganisha hospitali ndogo na kukaa bila tiba. Utafiti uliofuata wanawake wa nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo, uliochapishwa 2020, ulikuta kwa jumla takriban nusu tu walikuwa hai baada ya miaka 3. Kuchelewa kufika na kutomaliza tiba ndivyo vilivyochangia sana. Mpango wa WHO wa 2021 unasisitiza hayohayo: asilimia 60 wagundulike hatua ya I na II, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60, asilimia 80 wamalize tiba. Hakuna hata kimoja kati ya vitatu kinachohesabu visu.

#9 MpasuajiMwambao

Mkuu wa mkoani, sikwambii uache. Nakwambia ugawe kazi.

Baiopsi ya sindano ni yako, tena wewe ndiye wa kwanza. Bloku (vipande vya baiopsi vilivyogandishwa kwenye nta) na ripoti vitangulie, mgonjwa afuate na tarehe mkononi na jina la atakayempokea. Kesi ijadiliwe na jopo la rufaa kwa simu au video kabla mgonjwa hajapanda basi. Kama jopo limesema aanze dawa, halafu titi litolewe lote, na wewe umefundishwa, titi hilo unaweza kulitoa mkoani, wiki 4 hadi 8 baada ya dozi ya mwisho. Unakata hadi mtulinga juu, ukingo wa mfupa wa kidari ndani, msuli mpana wa mgongo nje, na chini mpaka unapopita mkunjo wa titi. Ngozi isiachwe nene, utaacha nyama ya titi. Isikwanguliwe hadi nyembamba, itakuwa nyeusi siku ya tano.

Usichotakiwa kukianza peke yako ni kutoa uvimbe na kubakiza titi, wala tezi mlinzi. Hizo zimefungamana na vitu usivyo navyo.

#10 Mionzi_Kwanza

Hasa mionzi. Kubakiza titi bila mionzi ni kazi nusu. Jaribio kubwa la Marekani lililofuatilia wanawake miaka 20 lilikuta saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa asilimia 39 ya waliotolewa uvimbe tu, na asilimia 14 ya walioongezewa mionzi. Kwa hiyo kabla ya kumwahidi mama kwamba titi litabaki, hakikisha atafika Ocean Road au Bugando, au Eldoret na Nairobi kwa ndugu zetu wa Kenya, na atakuwa na pa kulala. Habari njema: tangu 2020 kuna ushahidi kwamba dozi 5 kwa wiki moja, jumla grei 26, zinatosha kwa wengi wa hatua za mwanzo, badala ya 15 za wiki tatu. Uliza kama kituo chako kinafanya hivyo.

Mpasuaji aweke klipu za chuma ndani ya shimo la uvimbe kabla ya kufunga. Bila klipu tunakisia pa kupiga. Na kingo: kwa saratani iliyopenya, wino usigusane na saratani, inatosha. Si lazima sentimita nzima. Hata Uingereza mwanamke 1 kati ya 5 aliyebakiziwa titi alirudishwa tieta, kwa hiyo mgonjwa aambiwe mapema kwamba kurudi kunawezekana.

#11 Nesi_wa_Wodi7

Nipite haraka. Dreni (mrija wa kutoa majimaji ya kidonda) inatolewa ikishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku mbili mfululizo, si kwa sababu kitanda kinahitajika. Mazoezi ya vidole, kiwiko na bega mepesi yaanze siku ya kwanza. Mkono usioinuka hautawekwa juu ya kichwa kwenye mashine ya mionzi, na mionzi inachelewa kwa ajili ya bega. Kidonda kilichooza kinachelewesha dawa vilevile. Ikipita siku 90 tangu upasuaji kabla dawa haijaanza, uhai unapungua. Hospitali yenye wagonjwa wengi huwa na mtu anayeshika daftari na kupiga simu kwa asiyetokea. Asipokuwepo, mteueni hata mmoja.

#12 Mwanaisha_T

Nimeandika yote. La mwisho: mama aliyetolewa titi mwaka jana mahali padogo, ripoti inasema "saratani" tu, hakuna vipimo vya homoni wala HER2 (protini inayochochea baadhi ya saratani za matiti). Yamekwisha hayo?

#13 Bloku_na_Slaidi

Hayajaisha, dada. Nyama iliyochakatwa ipo kwenye bloku za nta na bloku hudumu miaka. Aende maabara iliyotoa ripoti, aombe bloku pamoja na slaidi kwa barua ya daktari wake, zipelekwe panapopimwa vipokezi. Asilimia 1 tu ya seli ikishika rangi ya estrojeni, anahesabika chanya na kuna tiba ya kumpa. Tamoksifeni ni miligramu 20 kwa siku, miaka 5, na inapunguza vifo kwa takriban theluthi. HER2 ikitoka 2+ bado si jibu, inahitaji kipimo cha jeni. Na ikitoka hasi kwenye vyote huku nyama inaonekana ilikaa vibaya, mwanapatholojia atafute kwenye slaidi mirija ya kawaida ya titi iliyo kando ya uvimbe. Hiyo inatakiwa ishike rangi. Isiposhika, kipimo ndicho kilichofeli.

Aende na namba ya maabara iliyoandikwa kwenye ripoti, si jina peke yake. Majina yanafanana.